Majirani Bondeni: ipi shule nzuri?

JUMAMOSI

Mama Tariq: Habari za jioni majirani. Samahanini nakatisha mada ya maji 🙏 Tariq wangu katimiza sita mwezi wa nane, Januari anaanza la kwanza. Sasa nimekwama kati ya shule ya hapa chini na ile ya ng'ambo ya barabara. Hela ya praiveti sina, nisiwadanganye. Wenye watoto huko naombeni mniambie ipi nzuri

Baba Neema: ng'ambo bila kuuliza. matokeo ya la saba si yametoka, nmeyaangalia wamefaulu wote kasoro wawili, hii yetu wamefeli ishirini na kitu. hapo unauliza nini tena

Mama Brayan: Baba Neema si Neema wako yuko hii hii ya hapa chini 😂

Baba Neema: ndo maana nasema najua

Anko Deo: Mi nawaambia kila siku humu, shule ya serikali ni shule ya serikali tu. Jikamueni mpeleke watoto ingilishi midiamu, mtoto wangu wa chekechea anaongea kizungu mpaka mama yake anamkimbia

Mama Brayan: Anko Deo juzi si uliomba grupu tukuchangie mafuta ya gari

Anko Deo: Ile ilikuwa dharura

Dogo Side: dharura ya kila mwisho wa mwezi 😂😂😂

Dogo Side: alafu dada zipo za serikali za kingereza pia, Olympio, Diamond, Bunge

Mama Tariq: Side, mtoto wa miaka sita toka huku mpaka Upanga kwenye daladala za asubuhi? Na kule pia kuna kulipia mdogo wangu

Bibi Zai: Sisi tulisoma chini ya mwembe tukaandika kwenye mchanga. Leo mnataka vigae

Mama Tariq: Shikamoo bibi. Vigae sitaki, nataka ajue kusoma

Bibi Zai: Marahaba mwanangu. Hapo sawa

Mwalimu Mstaafu: Baba Neema, hayo matokeo umeyasoma au umeyaangalia?

Baba Neema: si kitu kimoja mwalimu shikamoo

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Siyo kitu kimoja. Fungua ya ng'ambo, waliofanya mtihani wangapi?

Baba Neema: 74

Mwalimu Mstaafu: Na ya kwetu

Baba Neema: 161

Mwalimu Mstaafu: Sasa wale 74 wakati wanaanza la kwanza walikuwa wangapi? Hilo kwenye linki ya baraza la mitihani halipo.

Mama Brayan: Hapo mwalimu umenigusa ngoja niseme. Kaka yake Brayan alianzia ng'ambo, la kwanza walikuwa mikondo miwili wanapita mia na kitu, kufika la sita nikaitwa ofisini naambiwa mama huyu mtoto la saba hawezi, ama arudie ama utafute shule nyingine, nikalia pale mpaka nikachoka, nikamhamishia hapa chini. Na mwaka jana kafaulu kwa C yake safi yuko fomu wani. Sasa yule ni kilaza wa nani jamani

Dogo Side: duh

Baba Neema: hii sikuijua kwa kweli

Mama Brayan: Hukuwahi kuuliza

Mwalimu Mstaafu: Siyo shule zote zinafanya hivyo, ila zipo. Unapunguza kwanza wanaosuasua, wanabaki wanaofaulu, halafu unapongezwa kwenye kikao cha kata. Enzi zile za kupanga shule kumi bora ilikuwa mbaya zaidi, kila mkuu anataka nafasi. Nilifurahi sana baraza lilipoacha kupanga shule bora, ilikuwa Januari 2023, wakasema ilikuwa kama kuzitangazia shule biashara.

Anko Deo: Lakini mwalimu na wewe ulikuwa wa UPE, ule mpango wa zamani wa elimu ya msingi kwa wote, mtaani si ndo tuliita Ualimu Pasipo Elimu 😅

Mwalimu Mstaafu: Ndiyo, na baba yako nilimfundisha mimi.

Dogo Side: 😂😂😂😂 Anko Deo kwisha habari yako

Mama Brayan: Nimeanguka kwenye kiti

_Anko Deo amefuta ujumbe huu_

Mwalimu Mstaafu: Niwaambie kingine na hiki nilikifanya kwa mikono yangu. Nilikuwa mwalimu wa taaluma miaka kumi na moja. Kila mwaka Januari tukikaa kupanga vipindi, walimu wazuri wote nawapandisha la saba, kwa sababu la saba ndiko tunakopimwa. La kwanza nampa mwalimu mgeni au yule mgonjwa mgonjwa. Watoto 150 na mwalimu mmoja anayekohoa. Wanafika la tano hawajui kusoma, wakifika la saba tunaweka kambi wanakariri maswali ya kuchagua, wanapata C. Tunachinja mbuzi. Wakati ule niliona nachapa kazi.

Ticha Rehema: Mwalimu umesema kweli tupu na mpaka leo ndivyo ilivyo shule nyingi

Ticha Rehema: Halafu Mama Tariq huyo Tariq wako la saba hatafika kabisa 😄 mtaala mpya ulioanza 2024 msingi inaishia la sita. 2027 la sita na la saba wanamaliza pamoja ndo basi. Kwahiyo kumchagulia shule kwa kuangalia la saba ni kama kununua simu kwa kuangalia chaja

Mama Tariq: Sasa mimi niangalie nini? Maana sijui hata pa kuanzia nikifika pale nitaona majengo tu na bendera

Mwalimu Mstaafu: Nenda Jumatatu kabla hawajafunga, watafunga Desemba mwanzoni. Usiende saa nne, nenda saa moja asubuhi usimame tu pale getini. Uone walimu wanaingia saa ngapi na kengele inagongwa na nani. Halafu omba kuona la kwanza na la pili, mambo ya la saba yaache. Omba daftari.

Baba Neema: daftari za Neema zina tiki kila ukurasa mwalimu, yaani anapata zote, mi nampa hongera kila siku

Mwalimu Mstaafu: Piga picha moja weka hapa.

_Baba Neema ametuma picha_

Mama Brayan: Mbona 8+7 kaandika 14 na ina tiki

Dogo Side: na hiyo ya chini 9+5=13 tiki 😂

Baba Neema: NEEMAAAA

Baba Neema: nmemuita anasema wanabadilishana daftari na Zuhura, Zuhura ndo anasahihisha. na yeye anasahihisha la Zuhura. aisee

Mama Brayan: Kumbe mkataba wa amani 😂

Mwalimu Mstaafu: Ndiyo maana nasema muombe daftari. Tiki si kitu, tafuta kosa lililorudiwa. Mtoto amekosea, mwalimu amemwekea alama, na chini yake mtoto ameandika upya sahihi. Ukiona masahihisho kwenye daftari tano tofauti ujue kuna mwalimu humo ndani.

Ticha Rehema: Mwalimu shikamoo nakuheshimu sana ila hapo naomba nisimame na wenzangu. Mimi nina la pili watoto 132. Kiwango si 45? Mi ninao karibu mara tatu, nafundisha kusoma kuandika kuhesabu vyote peke yangu. Daftari moja dakika moja tu ni zaidi ya saa mbili kwa somo MOJA. Nikisahihisha zote kila siku nitalala shule na nina mtoto mchanga. Ndo maana watu wanawapa watoto wasahihishane, siyo uvivu

Ticha Rehema: Ninachofanya mimi nasahihisha mistari miwili ya madawati leo, kesho mistari mingine miwili. Kwahiyo mzazi akikuta kurasa nyingine hazina wino mwekundu asikimbilie kusema mwalimu hafundishi

Mwalimu Mstaafu: Marahaba binti yangu. Umenishinda hapo. Mimi la kwanza sikuwahi kulifundisha hata siku moja, niliwapangia wengine.

Bibi Zai: Mwalimu leo anatubu

Mjumbe: Tukumbushane pia kamati ya shule. Mkutano wa wazazi uliopita tulikuja 31 tu, shule ina watoto zaidi ya elfu moja. Elimu bila malipo toka 2016 watu wakaelewa bila mzazi

Baba Neema: mjumbe mkutano mmeweka saa nne jumatano nani atakuja

Mjumbe: Hoja imepokelewa

Anko Deo: Na hiyo bila malipo mbona michango kila siku, mlinzi, uji, mitihani ya kila ijumaa

Mama Brayan: We mtoto wako hayuko huko inakuuma nini

Ticha Rehema: Ruzuku ilipoanza hesabu ilikuwa elfu kumi kwa mtoto kwa mwaka MZIMA, na humo kuna chaki, karatasi, matengenezo, na hela ya vitabu inatolewa humo humo. Piga hesabu kwa siku za shule. Mi swali langu kwa shule siyo kwanini mnachangisha, nauliza je ubaoni pale nje ya ofisi wamebandika mapato na matumizi? Shule inayobandika na mzazi asiyetoa mtoto wake haguswi wala harudishwi nyumbani, hiyo naiamini

Dogo Side: na viboko je maana huku kuna ticha anachapa kama anapura mpunga

Ticha Rehema: Kanuni za 2002 zinasema visizidi vinne, mwalimu mkuu aidhinishe na viandikwe kwenye kitabu. Uliza hicho kitabu kiko wapi uone watu wanavyotazamana

Mama Brayan: Mi naongeza choo. Niwaambie wamama wenzangu nendeni chooni kabla ya ofisini, maji ya kunawa yapo au hayapo, milango ipo au haipo. Binti wa la sita akianza mwezini anakaa nyumbani siku nne sababu ya mlango tu

Ticha Rehema: Sana. Tundu moja wasichana 20, wavulana 25 ndo inavyotakiwa. Sisi kwetu hata sitaki kusema

Mama Tariq: Naandika yote haya kwenye daftari la vikoba 😅 Na kusoma nitajuaje kama wanajua? Siwezi kuwapa mtihani watoto wa watu

Mwalimu Mstaafu: Huna haja ya kuingia darasani. Watoto wa la tatu wamejaa mtaani kwako, wa shule zote mbili. Mpe hadithi fupi ya kiwango cha la pili asome. Wale watafiti wa Uwezo waliokuwa wanapita nyumba kwa nyumba ndivyo walivyokuwa wanafanya. Ila usimpe kitabu chake cha shule, kile ameshakiimba.

Mama Brayan: Subirini nimuite Brayan yuko la tatu hapa chini

Mama Brayan: Kasoma ukurasa wa kitabu chake kama maji, najivunia hapa

Mwalimu Mstaafu: Ziba picha kwa mkono, mwonyeshe neno moja la katikati.

Mama Brayan: ...

Mama Brayan: Mwalimu umeniharibia jumamosi

Mama Brayan: Neno lilikuwa "mkulima" kasema "shamba" eti kwasababu alikuwa anakumbuka kwenye picha kuna shamba 😭

Bibi Zai: Mlete kwangu jioni jioni. Nitamfundisha silabi kama nilivyomfundisha baba yake. Aje na kijiti mchanga upo

Mama Brayan: Asante bibi nakuja naye kesho

JUMATATU

Mama Tariq: Majirani nimerudi kuripoti. Nimeenda zote mbili leo, kazini nimeomba ruhusa

Mama Tariq: Ng'ambo majengo mazuri rangi mpya, nimefika saa 1:10 walimu watatu wako la saba wanatayarisha chumba cha kikao sijui cha wageni, la kwanza watoto wako peke yao wanapiga kelele mpaka saa mbili na robo ndo kaja dada mmoja wa kujitolea. Nikaomba daftari nikaambiwa njoo na barua ya mtendaji. Ya daftari 😳

Dogo Side: barua ya daftari 😂

Mama Tariq: Hapa chini majengo yamechoka nisiwafiche, la pili nusu wamekaa chini, choo cha wasichana milango miwili haipo na maji wanabeba kwenye madumu. La kwanza wako 118 nimehesabu. Ila nilipopita kwanza kabla ya kwenda ng'ambo, mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa getini saa moja kasoro anawasalimia watoto kwa majina, na mwalimu wa la kwanza ni mama mtu mzima hivi, kawapanga makundi, kila kundi lina vizibo vya soda wanahesabia, yaani watoto 118 na nilisikia kalamu inaanguka. Nikamuuliza umefundisha la kwanza miaka mingapi akasema kumi na sita na sitaki kuhamishwa

Mwalimu Mstaafu: Huyo hapo.

Ticha Rehema: Miaka 16 la kwanza mungu ampe pepo

Baba Neema: sasa mbona neema hesabu hajui

Mama Tariq: Neema yuko la tano Baba Neema, na la tano leo mwalimu hakuwepo, nimeuliza wakasema yuko kwenye semina

Baba Neema: hapo sasa

Mama Tariq: Uwezo wao wa kupata C sijui, na hiyo ya la tano imenitisha kweli. Ila miaka miwili ya kwanza nikipata yule mama mi nitapambana na inayobaki. Nimechukua fomu

Mjumbe: Safi. Na wewe tunakuweka kwenye orodha ya kamati

Mama Tariq: Mjumbe jamani hata sijapumzika

Baba Neema: mimi pia niweke. ila mkutano uwe jumamosi na ajenda ya kwanza hao kina Zuhura kusahihishana, ya pili milango ya choo, mbao ninazo mbili zimebaki kwenye banda

Dogo Side: bawaba natoa mimi

Mama Tariq: Fomu inataka nakala ya cheti cha kuzaliwa na picha mbili. Nani anajua pa kupiga picha bei nzuri?

Dogo Side: stendi pale kwa yule wa mwavuli, nakupeleka bure dada leo tu

Mama Tariq: Asante Side. Mama Brayan, Brayan anatoka saa ngapi asubuhi? Yule wangu hajui njia

Mama Brayan: Saa kumi na mbili na nusu, nitakuwa nampitia. Awe ameshakunywa chai

Bibi Zai: Maji yametoka huku juu kingeni haraka