Mrejesho: banda la kuku, niliacha bati nikapiga mabanzi
Wakuu, ni yule niliyeuliza nifunge kuta za banda kwa bati au mabanzi (yale mapande ya nje ya gogo yanayobaki wakipasua mbao), na joto hili la Morogoro. Nikachukua mabanzi. Chini tofali kozi mbili, mabanzi kama mita moja hivi, halafu wavu mpaka kwenye kenchi (mbao za kubeba paa) hewa ipite.

Sasa kosa langu, nilibeba mabanzi mabichi kisa bei chee, fundi akanionya nikajifanya mjuaji, wiki tatu tu yakasinyaa mianya ikatokea mpaka kidole kinapita, usiku mmoja kicheche kaondoka na vifaranga wanne. Ikabidi nipigilie fito juu ya kila mwanya, msumari upande mmoja tu ili banzi likizidi kukauka lisipasuke. Oil chafu ya kuzuia mchwa nimepaka nje tu, ndani hapana, kuku anadonoa kila kitu.

Na yule aliyesema mabanzi yasimame wima maji yateremke, mkuu ulikuwa sahihi, upande niliolaza maji yanatuama kwenye maungio na ukungu umeshaanza. Huo ntaufumua mwisho wa mwezi mfuko ukiruhusu.