Tupeane uzoefu: neno la maana kutoka kwa mtu usiyetaka hata kumuona

Dafu_la_Likoni
Ndugu zangu, salamu. Leo asubuhi navuka feri, nimesukumwa na watu mpaka mbele kabisa, kugeuka hivi niko bega kwa bega na jamaa ambaye hatujasemeshana miaka sita. Imenirudia yote.

Tulikuwa ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Mtu wa kujisikia, mtu wa "mimi niliwaambia". Kikao hakiishi bila yeye kumsahihisha mtu. Siku hiyo nimeshika makaratasi ya mteja, kontena la vigae. Akapita nyuma yangu na kikombe chake cha chai, akasema bila hata kusimama: "Hiyo namba ya kontena si namba. Tarakimu ya mwisho haikubali." Akaenda zake.

Kwa msiojua mambo ya bandari: kontena lina herufi nne, tarakimu sita, halafu tarakimu ya saba imechorewa kijisanduku. Hiyo ya saba haikuwekwa kwa bahati, inapigiwa hesabu kutokana na zilizotangulia, ili mtu akizigeuza mahali ijulikane. Nilikuwa najua. Nilifundishwa wiki ya kwanza. Hesabu yenyewe haimalizi dakika tano. Lakini ile sauti yake! Nikasema moyoni, leo huyu hanipati. Nikapeleka vile vile.

Palikuwa na 38, mimi nimeandika 83. Kontena halionekani kwenye mfumo, masahihisho yakachukua siku, siku za bure zikaisha, mzigo ukalala uwanjani siku tisa unahesabiwa pesa. Nilikatwa mshahara miezi mitatu.

Leo kanisalimia vizuri tu. Nikaitikia nikageuka kuangalia maji. Je, ni mimi peke yangu? Tupeane uzoefu.

Pweza_wa_Nazi
Miezi mitatu? Mimi ningemchukia zaidi. Kwa nini hakukaa akaeleza vizuri?

Dafu_la_Likoni
Ndilo nililojiambia na mimi. Lakini alisema, na nilisikia.

Kondakta_Mstaafu
Yamenikuta. Siongezi neno.

BintiMajengo
Ongeza neno bwana, ndiyo maana ya tupeane.

Mimi nauza viazi karai jioni. Jirani yangu wa meza naye anauza viazi karai, na tangu nifike pale hajawahi kunijibu salamu ila kwa kidevu. Viazi vyangu vilikuwa vinavuka koti. Unatia karaini, unga unatoka unaelea kivyake, kiazi kinabaki uchi. Nimebadilisha unga, nimeongeza yai, nimemlaumu muuza mafuta. Mwezi mzima natupa pesa. Siku moja kaniambia mbele ya wateja, kwa dharau: "Unavichovya vingali na maji, vitashika wapi?"

Nilikasirika nikafunga mapema. Nyumbani, usiku, peke yangu, mlango nimefunga kama mwizi, nikachemsha viazi vitano. Nikavimwaga maji, nikaviacha vikauke mvuke mpaka vikapoa, nikavipaka unga mkavu kidogo, ndipo nikavichovya. Vilishika mpaka leo. Kwake sikusema kitu. Nilivumilia siku tatu nyingine kuuza vibaya ili asidhani nimemsikia yeye.

Pweza_wa_Nazi
Siku tatu 😂😂😂 Hiyo ndiyo Mombasa ninayoijua.

Kisauni_Damu
Meza yako iko wapi? Naulizia rafiki.

Mtwapa_Kwetu
Naona mnataka kutufanya sote tuwe malaika. Sikilizeni na upande wa pili. Mimi kuna mtu tulikosana tangu madrasa. Mwezi wa Ramadhani akanifuata, maneno matamu, nikajiambia niondoe kinyongo, nimsikilize. Akanipa wazo la kiwanja. Wazo zuri, bei nzuri. Nikatoa akiba ya miaka. Kiwanja kilikuwa na wenyewe watatu na mimi wa nne. Tangu siku hiyo nikimchukia mtu, akisema kulia nakwenda kushoto, na nimefika salama.

Kondakta_Mstaafu
Ulifanya sachi ofisi ya ardhi, ukajua mwenye kiwanja ni nani?

Mtwapa_Kwetu
Hilo si swali la kuniuliza sasa.

Kondakta_Mstaafu
Basi hukuliwa kwa kumsikiliza. Uliliwa kwa kutochunguza. Ungeliwa hata na mjomba wako.

Mtwapa_Kwetu
Wewe uliyesema huongezi neno umeongeza mengi.

Kondakta_Mstaafu
Neno limetoka kwangu usiyenipenda, ndiyo maana huliwezi.

Kisauni_Damu
Haya, haya. Mada.

MamaWatatu
Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika. Hiyo namba ya kontena imenipeleka mbali.

Mume wangu alioa mke wa pili mwaka 2015. Nyumba moja, mimi chini, yeye juu. Sitasema uongo, nilimchukia kabla sijamuona. Akicheka nasikia ananicheka mimi. Akipika biriani, harufu ikishuka, nasikia ananionyesha.

Mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka saba. Akaanza kunywa maji usiku na mchana, anaamka mara nne, mara tano. Akaanza kukojoa kitandani, mtoto aliyeacha zamani. Nikampiga. Naandika nikijua mtanisema, lakini nilimpiga.

Siku hiyo nafua shuka zake uani, mke mwenza akashuka kuanika nguo. Akasimama. Akasema, "Dada, usinichukulie vibaya. Pale msalani sisimizi wamejazana palipo na mkojo wa mtoto. Bibi yangu alikuwa hivyo. Mpeleke akapimwe sukari."

Nyinyi mmesikia alichosema. Mimi sikusikia hivyo. Mimi nilisikia: msala wako mchafu, na mwanao ana kasoro. Nilimjibu maneno siwezi kuyarudia humu. Nikaenda kumwambia mamangu, mamangu akasema, kama anajua ugonjwa basi ndiye aliyeuleta. Nikaliamini hilo papo hapo, kwa sababu hilo lilitoka kwa mtu nimpendaye.

Tukampeleka kwa mwalimu akaandikiwa kombe, aya zinazoandikwa zikaoshwa mtu anywe maji yake. Kombe silisemi vibaya. Ninayoyasema ni yale ya nyumbani. Mtoto amekonda, mbavu zinahesabika, mimi namnunulia soda apate nguvu. Soda, juisi ya miwa, maji ya gulukosi. Anakunywa kwa pupa, mimi nafurahi kwamba walau anakunywa.

Siku ya kumi na moja, usiku wa kuamkia Ijumaa, zamu ya mke mwenza, mume yuko juu. Mtoto akatapika, halafu akaanza kupumua kwa nguvu, kifua kinapanda na kushuka kama mtu aliyetoka mbio Nyali, na huku amelala. Nikamwinamia. Pumzi yake inanukia embe. Embe boribo lililopitiliza kuiva. Nikamwita jina lake, macho yakafunguka, hayakuniona.

Nilipanda zile ngazi nilizoapa sitazipanda. Nikagonga. Akafungua yeye, hata hakuuliza. Alishuka na kanga zake, akambeba mtoto, mume ndiyo kwanza anatafuta mwenye tuktuk. Njiani ni yeye aliyekuwa akimpigapiga shavu, "usilale mwanangu, usilale." Hospitali wakamtoboa kidole, kimashine kikaandika HI. Nikauliza, HI ni ngapi? Nesi akasema, ni kwamba imepita pale mashine inapoweza kuhesabu.

Siku mbili hajijui. Daktari akauliza, dalili zimeanza lini? Nikanyamaza. Mume ananitazama. Mke mwenza akajibu, "Tulichelewa kidogo kujua."

Tulichelewa. Alisema tulichelewa.

Kisauni_Damu
Subhanallah.

BintiMajengo
Nimeacha viazi karaini nasoma. Vimeungua. Mtoto yu hai?

MamaWatatu
Yu hai, alhamdulillahi. Ana sindano zake kila siku.

Pweza_wa_Nazi
Mimi swali langu ni moja. Mume siku kumi na moja alikuwa haoni?

Bibi_Harusi_wa_Zamani
Hilo ndilo swali! Wanaume mnaoa wawili, macho mnabaki nayo yale yale mawili. Mada ibadilishwe iwe mume.

Mtwapa_Kwetu
Msianze. Ndoa ya pili ni haki yake.

Bibi_Harusi_wa_Zamani
Haki yake na mkojo wa mwanawe hajauona. Nenda ukatafute kiwanja chako.

Mtwapa_Kwetu
😐

Kisauni_Damu
Lakini huenda na jini alikuwepo. Nimeona mtoto kwetu alitibiwa na mwalimu akapona.

Nesi_wa_Zamu
Tafadhali. Pole sana mama, na ahsante kwa kuandika. Wazazi mlio humu: mtoto akinywa maji kupita kiasi, akianza kukojoa kitandani hali alikuwa ameacha, akikonda hali anakula, akichoka ovyo, apimwe sukari siku hiyo hiyo. Ni tone moja la damu kidoleni. Usimpe soda. Kutapika na kupumua vile ni dharura, usingoje kukuche. Dua na kombe havizuii kipimo, fanyeni vyote, lakini kipimo kwanza.

Na tusimlaumu mama peke yake, hata madaktari wakubwa yaliwakuta. Vienna, mwaka 1847, daktari Semmelweis aliwataka wenzake wanawe mikono kwa maji ya klorini wakitoka kupasua maiti, kabla ya kuwashika wanawake wanaojifungua. Mwezi wa Aprili kwenye kliniki ile walikuwa wanakufa zaidi ya 18 katika kila 100. Juni, kama wawili. Namba ziko wazi, na bado wengi hawakukubali. Sababu zilikuwa nyingi, ila na mdomo wake haukumsaidia, baadaye aliwaandikia barua za wazi akiwaita wauaji. Wodini ninaye mmoja wa namna hiyo. Mkali kama pilipili mbuzi, na kila akisema angalia tena kipimo cha dawa, naangalia tena. Mara mbili alikuwa sawa. Mara nyingine nyingi alikuwa anataka tu kusema.

Mzee_wa_Mvita
Nyinyi vijana, hili si jipya. Mvita na Lamu zamani zilipigana vita vya mikuki, na huku washairi wao wanajibizana. Muyaka wetu alikuwa akitupa shairi, Zahidi Mgumi wa Lamu analijibu. Sasa fikirini: jibu likifuata vina na mizani ya yule unayemjibu, huwezi kulitunga hujamsikiliza adui yako mpaka kituo cha mwisho. Mtu alikuwa anazijua beti za hasimu wake kuliko za rafiki. Wahenga walisema mtu hakatai wito, hukataa aitiwalo. Nyinyi siku hizi mnakataa wito wenyewe. Mnaona jina la mtu mnapita.

Pweza_wa_Nazi
Babu, lakini kwenye vita vya Shela, Lamu walitupiga.

Mzee_wa_Mvita
Tulipigwa. Usiniharibie hadithi.

Kondakta_Mstaafu
Haya nami niseme yangu. Dereva wangu wa matatu, miaka minne tuko gari moja, sikumpenda hata siku moja. Kila siku: "usining'inie mlangoni." Nikaona ananionea wivu, nilikuwa na mbwembwe. Mguu wa kulia una vyuma viwili. Ndiyo maana ya mstaafu. Nina miaka 34.

BintiMajengo
Pole kaka. Sasa dawa ni nini? Maana mimi bado yule jirani akifungua mdomo naona moto.

Nesi_wa_Zamu
Mimi nalichukua neno nalipeleka kwa mtu mwingine bila kutaja jina. "Nimesikia hivi, unaonaje?" Akilikubali, basi.

Bibi_Harusi_wa_Zamani
Mimi usiku najirudia neno lenyewe kwa sauti ya khalati yangu marehemu. Likisikika vizuri kwa sauti yake, nalifuata. Msicheke.

Kisauni_Damu
Mimi namjibu "nitaangalia", halafu siangalii.

Mtwapa_Kwetu
Dawa ni sachi. Nimekubali. Mtu yeyote, mpende umchukie, fanya sachi. Kondakta, sijasema nakupenda.

Kondakta_Mstaafu
Wala mimi.

Mzee_wa_Mvita
Na msizidishe. Kuna mtu ukimsikiliza neno moja anahamia kwako na kitanda. Chukua neno, mwenyewe muache nje.

Dafu_la_Likoni
MamaWatatu, samahani kwa kuuliza. Na mke mwenza sasa mnapendana?

MamaWatatu
Hapana. Akicheka bado nakereka. Biriani yake bado anazidisha zafarani na nimemwambia. Lakini sindano ya usiku anamdunga yeye. Mtoto anasema mama mdogo haumizi, mimi mkono wangu unatetemeka. Jioni napanda ngazi nimemshika mkono, nakaa kwenye kiti karibu na mlango mpaka amalize, kisha tunashuka.

Nesi_wa_Zamu
Abadilishe mahali pa kudunga, asirudie pale pale.

MamaWatatu
Anabadilisha. Ameandika kwenye daftari.

Dafu_la_Likoni
Kesho navuka feri saa ile ile. Tutaona.

Kisauni_Damu
BintiMajengo, swali la meza halijajibiwa.

BintiMajengo
Sisemi. Yule jirani huenda yumo humu anasoma, na akijua nilimsikia nimekwisha.