Pampu ya 1.5 HP na floti ya tenki: rilei ndogo, kontakta au SSR? (Ulinganisho)

Mchotamaji
Habari wakuu. Pampu ni ya fezi moja, 1.5 HP, volti 230, kibati chake kinaonyesha ampea 8.2. Tenki la lita 5,000 liko juu ya mnara. Kutoka kwenye bodi ya umeme hadi kwenye floti (swichi inayoelea majini) ni mita 40 za waya wa 1 mm². Nataka pampu ijiwashe na kujizima yenyewe. Dukani nimeonyeshwa rilei ndogo ya bluu ya ampea 10, kontakta ya ampea 12 na SSR (rilei ya elektroniki, isiyo na ncha zinazosogea) ya ampea 25. Au niiunge floti moja kwa moja, maana nayo imeandikwa 16(8)A?

SumakuNaWaya
Mkuu, tuanze na floti. Ile 16 ni ya mzigo wa joto tupu kama hita. Iliyo kwenye mabano, 8, ndiyo ya mota, na pampu yako tayari imeivuka. Tena 8.2 ni ikiwa imeshachanganya. Inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya hapo, yaani ampea 40 hadi 57, kwa muda mfupi.

Sasa piga hesabu ya waya. Mita 40 kwenda na 40 kurudi ni mita 80, na shaba ya 1 mm² kwa urefu huo ina ukinzani wa karibu omu 1.45. Kwa ampea 8.2 unapoteza volti 12. Kwa ampea 45 za kuanzia unapoteza volti 65, na pampu inabaki inanguruma bila kuzunguka hadi ipate moto. Kwa hiyo umeme wa pampu usipande mnarani kabisa. Kinachopanda ni umeme mdogo wa kuamrisha, na kazi ya rilei ndiyo hiyo: koili inapata umeme kidogo, inakuwa sumaku, inavuta kipande cha chuma, na chuma kinafunga ncha zinazobeba mzigo mkubwa. Koili na ncha hazigusani kiumeme.

Fundi_Bodi
Hiyo rilei ya bluu usiipe pampu, hata kama juu imeandikwa 10A 250VAC. Namba hiyo ni ya mzigo wa joto. Ncha zake ni vidonge vidogo vya fedha, na nafasi kati yao haifiki hata milimita moja. Zikifunga hazitulii papo hapo: hudunda kwa milisekunde chache, na muda huohuo ndio mota inavuta ampea 50. Kila mdundo una cheche, fedha inayeyuka, kisha inapoa ncha zikiwa zimeshikana. Hapo floti ikikata, koili inazima vizuri na hata mlio wa "tik" unaweza kuusikia, lakini pampu haizimi. Tenki linafurika, au kisima kinakauka na sili ya pampu inaungua.

Kontakta ni rilei ileile iliyotengenezwa kwa mota. Springi yake ina nguvu, kila njia inakatwa sehemu mbili kwa mpigo, na ina vyumba vya kuzimia cheche. Soma namba ya AC-3 (ya mota), usisome AC-1 (ya mzigo wa joto). Kontakta ya ampea 9 za AC-3 inaweza kuandikwa 20 au 25 kwa AC-1, na muuzaji atakutajia kubwa. Kwa ampea 8.2 chukua 12 za AC-3.

Mizani_VA
Naongeza kuhusu rilei. Kuna za ampea 30 ambazo pembeni zimeandikwa HP. Ikiwa kwenye upande wa NO (ncha inayofunga koili ikipata umeme) imeandikwa 2 HP kwa 250VAC, hiyo imepimwa kwa mota na itafanya kazi. Lakini haina mahali pa kufunga oveloadi (kinga inayokata mota ikivuta ampea kupita kiasi), na skrubu zake ni chache. Kwa pampu ya kisima bado naona kontakta ni bora.

TriakiBaridi
Niitetee SSR kwanza: haina ncha za kuchakaa, haipigi kelele, na kwa hita ya kutotoleshea vifaranga inayowaka na kuzima kila sekunde chache hakuna mfano wake. Kwa pampu siishauri. Inapoteza kama volti 1.2 hadi 1.5 ndani yake, kwa hiyo ampea 8.2 zinageuka wati 10 hadi 12 za joto, na bila bati la kupozea inaungua. Kwa mota ungehitaji ya ampea 40 au zaidi. Kubwa kuliko yote ni hili: SSR ikifa, mara nyingi inafia upande wa kuwasha. Pampu itaendelea tu. Na hata ikiwa imezimwa inavujisha miliampea chache, kwa hiyo anayefungua pampu lazima azime swichi kuu kwanza.

Mchotamaji
Nimewaelewa. Basi kontakta yenye koili ya volti 24, ili kwenye tenki la maji ya kunywa kusiwe na volti 230?

SumakuNaWaya
Wazo la volti 24 ni zuri, ila angalia waya wako tena. Kontakta ya saizi hiyo inaposhika huvuta karibu VA 70 (volti mara ampea), na baada ya kushika inabaki na VA 7 hivi. Kwa volti 24, VA 70 ni karibu ampea 3. Mara omu 1.45, unapoteza volti 4.2. Koili inabaki na 19.8, wakati koili za AC huhitaji angalau asilimia 85, yaani 20.4. Itatetema badala ya kushika.

Suluhisho ni kutumia vyote viwili. Floti iwashe rilei ndogo ya soketi ya miguu 8, koili ya volti 24 AC. Yenyewe inakula miliampea 50 hivi, na upotevu kwenye waya haufiki hata volti 0.1. Ncha ya NO ya rilei hiyo iwashe koili ya kontakta ya volti 230, humo humo ndani ya bodi. Transfoma ya VA 10 inatosha, ila iwe yenye koili mbili zilizotenganishwa.

Fundi_Bodi
Mpangilio wa njia ya kuamrisha: fyuzi ya ampea 2, ncha 95-96 za oveloadi, COM (ncha ya pamoja) na NO ya rilei ndogo, A1 ya koili ya kontakta, kisha A2 (ncha ya pili ya koili) kwenda nyutro. Weka floti ya pili kisimani mfululizo na ya tenki, ili maji yakiisha chini pampu izime.

Oveloadi iweke 8.2, usiipandishe hadi 10 kwa sababu "inakata kata". Nyingi zina njia tatu na hukata zikihisi fezi moja imekosekana, kwa hiyo pitisha umeme njia zote: laivu njia ya kwanza, nyutro njia ya pili, kisha irudishwe kupitia ya tatu.

Kama kwenu umeme hushuka chini ya volti 195, kontakta itatetema na ncha zake zitaungua kama za rilei. Funga kifaa cha kukata volti ndogo chenye kuchelewesha kuwasha kwa dakika moja au zaidi. Na ziba matundu ya bodi, sisimizi wakiingia katikati ya chuma cha sumaku haifungi sawasawa na koili inaungua.

JuaKali48
Je, kwa pampu ya sola ya 48V DC, kontakta hiyohiyo?

TriakiBaridi
Hapana. Umeme wa AC wa 50 Hz hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche inajizimia hapo. DC haipiti sifuri, cheche inang'ang'ania na kula ncha. Ndiyo maana rilei ya 10A 250VAC kwa kawaida inaruhusiwa volti 30 tu za DC. Floti yako iunge kwenye skrubu za floti za kontrola ya pampu. Na ukiweka rilei ya koili ya DC inayoendeshwa na transista, funga diodi ya 1N4007 sambamba na koili, mstari wake ukielekea chanya. Bila hiyo, koili inapozima hurudisha volti kubwa na kuua transista.