Huyu mzee mwenye kiko, Sandro Pertini: kwa nini anapendwa hivi?

Mlezi wa Genova
Habari za jioni. Ninamtunza bibi wa miaka 88 hapa Genova. Sebuleni kwake kuna picha mbili tu ukutani: ya marehemu mumewe, na ya mzee mwenye miwani mizito anayevuta kiko. Mwezi wa kwanza nilidhani ni baba yake. Kumbe ni Sandro Pertini, aliyekuwa rais wa Italia. Bibi huwataja marais wengine kwa majina yao, ila huyu anamwita "Rais wetu".

Najua alikuwa msoshalisti na aliwahi kufungwa. Najua pia kwamba hapa anayeendesha serikali ni waziri mkuu, si rais. Sasa mtu kapewa kiti hicho akiwa na miaka 81, na bado watu wanamkumbuka kwa mapenzi namna hii. Alifanya nini hasa? Naomba mnieleze, nipate la kuzungumza na bibi.

Shabiki82
Kwa wengi ni ile fainali ya Kombe la Dunia, Madrid, 11 Julai 1982. Italia 3, Ujerumani Magharibi 1. Lilipoingia bao la tatu mzee alisimama jukwaani karibu na mfalme wa Hispania, akatikisa kidole: hawatufikii tena! Kwenye ndege ya kurudi akacheza karata na wachezaji Zoff na Causio na kocha Bearzot, kombe likiwa mezani. Muulize bibi alikuwa wapi jioni ile. Hatakosa jibu.

Kuli wa Savona
Dada, karibu. Huu ni mwaka wangu wa 11 bandarini Savona, na Stella, kijiji alikozaliwa Pertini mwaka 1896, kipo vilimani nyuma yetu. Nimepanda huko mara tatu. Mpira ni kweli, lakini mimi naomba nianze na barua. Bila hiyo barua utamwona kama mzee mchangamfu tu.

Mwaka 1924 mafashisti, watu wa dikteta Mussolini, walimteka na kumuua mbunge Giacomo Matteotti. Pertini, aliyekuwa amepigana Vita ya Kwanza kama luteni na kusomea sheria, akaingia chama cha marehemu, cha kisoshalisti. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miezi 8 kwa kusambaza kijitabu cha siri. Desemba 1926 yeye na wenzake, akina Carlo Rosselli na Ferruccio Parri, wakamtorosha kiongozi wao Filippo Turati, mzee wa miaka 69, kwa boti ya injini usiku, kutoka hapahapa Savona hadi kisiwa cha Corsica. Nikiwa zamu ya usiku na upepo umechafuka, huwa naitazama bahari hiyo nikimwaza yule mzee ndani ya boti.

Ufaransa Pertini aliosha teksi na kufanya kazi ya uashi. Angeweza kubaki huko. Mwaka 1929 akarudi Italia kwa pasipoti ya jina la bandia, akatambuliwa Pisa, akahukumiwa miaka 10 na miezi 9. Walimpeleka gereza la kisiwa cha Santo Stefano, kifua kikaharibika. Wakamhamishia gereza la Turi, alikofungwa pamoja na Antonio Gramsci, kiongozi wa wakomunisti, kisha kisiwa cha Pianosa.

Ni hapo Pianosa, mwaka 1933, alipopata habari kwamba mama yake ameomba asamehewe. Mama mzee, mwanawe mgonjwa yuko kisiwani: nani asingeomba? Pertini aliiandikia mahakama kwamba ombi hilo linamdhalilisha na hayumo ndani yake, kwa sababu imani yake ya kisiasa ina thamani kuliko maisha yake. Kisha akamwandikia mama barua kali. Nimeisoma mara nyingi. Mimi mama yangu yuko mbali, na kila nikiisoma nashindwa kuamua kama ningeweza kuiandika. Ila naelewa alichokataa: hakutaka kumwomba fadhila mtu aliyeikanyaga nchi yake.

Alitoka Agosti 1943, baada ya miaka 14 ya jela na kufungiwa visiwani. Oktoba ya mwaka huohuo Wajerumani wakamkamata Roma, akahukumiwa kifo. Januari 1944 wenzake walimtoa gereza la Regina Coeli kwa hati za kughushi, yeye na Giuseppe Saragat. Wote wawili walikuja kuwa marais! Aprili 1945 alikuwa Milan miongoni mwa viongozi wa maasi dhidi ya Wajerumani na mafashisti. Mwezi huohuo ndugu yake Eugenio alikufa katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Flossenbürg.

Sasa ruka hadi 1978. Aldo Moro, waziri mkuu wa zamani, ameuawa, rais Leone amejiuzulu, watu wamechoka na wanasiasa wao. Bunge likamchagua Pertini katika duru ya 16 ya kupiga kura, kwa kura 832. Hakuhamia Ikulu ya Quirinale, aliendelea kulala katika nyumba yake ndogo karibu na chemchemi ya Trevi.

Halafu Novemba 1980, tetemeko la Irpinia, kusini mwa Italia, karibu watu 3,000 wamekufa. Alikwenda huko, akasikia waliofukiwa wakilia chini ya kifusi na vifaa vya kuwatoa havijafika. Aliporudi Roma akaingia kwenye televisheni, akaishtaki serikali mbele ya nchi nzima, akahoji pesa za tetemeko la Belice, Sisilia, la 1968 zilikwenda wapi. Rais! Asiyewahi kuwaomba wakubwa chochote hana sababu ya kuwasitiri. Ndiyo maana nilianza na barua.

Mkaazi wa Udine
Kaka, umeeleza vizuri, lakini umeacha jambo. Mwaka huohuo wa 1978 alimsamehe Mario Toffanin, kamanda wa wapiganaji wa kikomunisti waliowaua wapiganaji wenzao wa kikosi cha Osoppo huko Porzûs, Februari 1945. Toffanin alikuwa na hukumu ya kifungo cha maisha na aliishi Yugoslavia. Huku kwetu, mkoa wa Friuli, jambo hilo bado linauma.

Kuli wa Savona
Ni kweli, na sitalifunika. Aliyekataa msamaha wake mwenyewe alitoa msamaha ambao familia za waliouawa hawakuuomba. Hapo mimi siko upande wake. Nimejaribu kumtetea moyoni nikashindwa.

Mlezi wa Genova
Asanteni sana, wote watatu. Leo baada ya chakula nilimsimulia bibi habari ya barua ya Pianosa kwa Kiitaliano changu cha kuungaunga. Alikuwa anaijua. Alinyamaza kitambo, akasema anampenda Rais wake, lakini siku hiyo ya 1933 yeye angekuwa upande wa yule mama. Halafu akauliza kama basi la kwenda Stella bado linaanzia Savona. Kaka wa bandarini, linaanzia wapi, na je, njia ya kufika makaburini alikozikwa Pertini inapitika kwa kiti cha magurudumu?

Kuli wa Savona
Dada, usihangaike na basi. Jumapili sina zamu na nina gari. Mwambie bibi achukue koti, kule juu kuna baridi.