Nondo mwenye fuvu mgongoni kaingia kwenye mzinga, nifanyeje?

MrinaAsali: Habari wakuu. Jana usiku tumefungua mzinga tukakuta nondo mkubwa, akitandaza mabawa anajaa kiganja. Mabawa ya mbele ni kahawia yenye madoadoa meusi, ya nyuma manjano. Tumbo lina pingili za manjano na nyeusi. Sasa mgongoni kwenye manyoya kuna fuvu la mtu, macho na kila kitu. Nilipomshika akalia! Kijana wangu kakimbia, anasema tumetumiwa. Niuhamishe mzinga?

Mpwa wa Bibi: Mkuu, kitu kinalia na kina fuvu, bado unauliza? Tafuta watu wa dua.

Kiwavi7: Hujatumiwa, unaibiwa asali. Huyo kitaalamu anaitwa Acherontia atropos, Afrika yupo sehemu nyingi na hata Ulaya anafika kwa kuruka. Mdomo wake ni mfupi na mgumu, anatoboa nta na kufyonza. Nyuki wanachelewa kumshtukia kwa sababu mwili wake una harufu inayofanana na yao. Huko kulia ni hewa tu, anaivuta kooni na kuitoa kama mtu anayepuliza filimbi. Hang'ati wala hana sumu. Punguza kimo cha mlango wa mzinga, milimita 8 hadi 10 zinatosha. Nyuki watapita, yeye na unene ule hapiti.

Mama Nyanya: Viwavi wake tunawajua sisi wa bustani. Wanene kama kidole, kijani au njano, mkiani wana kipembe kilichojikunja. Wanakula majani ya viazi mviringo, nyanya na mnavu. Ukimgusa anagonganisha taya, unasikia ta-ta-ta. Mimi naokota kwa mkono, dawa ya kupuliza sihangaiki nayo. Na ukipiga dawa karibu na mizinga utaua nyuki wako mwenyewe.

MrinaAsali: Asanteni. Kweli jirani ana viazi. Ila mzinga wa pili una utando mweupe kwenye masega na uchafu mweusi kama punje. Ni huyu huyu?

Kiwavi7: Hapana, hao ni nondo wa nta, vidogo vya kijivu, na ndio wa kuogopa. Mwenye fuvu anakunywa anaondoka, hawa viwavi vyao vinatafuna masega hadi kundi linahama. Toa masega yenye utando leo, yayeyushe. Nyuki wamebaki wengi humo?

MrinaAsali: Wachache.

Kiwavi7: Basi usingoje kesho.