Tupeane uzoefu: kuunganisha mtambo wa gemu wa zamani uliofunguliwa na waifai ya nyumbani

Mkaazi wa Tudor
Asalaam aleikum jamani. Jumamosi mpwa wangu alipanda kiti kutafuta mwavuli juu ya kabati, akashuka na Wii yangu ya zamani, ule mtambo wa gemu wa Nintendo, imefungwa kwa leso ya mamangu. Niliifungua mwenyewe ningali shuleni, yaani kuiondolea vizuizi vya kampuni, na Homebrew Channel, ile ya kuendeshea programu zisizo za kampuni, ingali imo ndani. Tukaipangusa, tukaitia kwenye tivi, ikawaka. Kijana alifurahi mpaka akasahau mwavuli.

Mambo yakakwama kwenye waifai. Inaona ya jirani wa chini, inaona ya duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara, yetu iliyo mita tatu kutoka hapo haioni. Tangu magharibi mpaka saa sita usiku tuko nayo. Nataka kusoma yaliyowafika nyinyi: Wii, PS2, PSP, chochote kilichotiwa chipu au kufunguliwa. Ulikwama wapi, ukatokaje?

Dogo Likoni
Hapo kwa "yetu haioni" nimekumbuka PSP yangu, ile PlayStation ya mkononi. Wiki nzima sikulala vizuri.

Fundi wa Mwembe Tayari
Ndugu wa Tudor, Wii yako ni nzima. Ule ni mtambo wa 2006, unasikia gigahezi 2.4 peke yake, tena kwa lugha ya b na g, matoleo ya zamani ya waifai. Ruta za siku hizi huja na jina moja kwa masafa mawili, 2.4 na 5, na nyingine zimewekwa WPA3, ulinzi mpya wa waifai. Wii inaishia WPA2. Tena kama ni Wii ya Marekani, na ruta imejichagulia chaneli 12 au 13, hutaiona hata ukiibandika juu ya tivi.

Ingia kwenye ruta, tenganisha majina. Ile ya 2.4 ipe jina lake, ulinzi WPA2 ya AES, chaneli 1, 6 au 11, na hali iwe ya mchanganyiko wa b/g/n. Ikiwekwa n pekee, toleo lililokuja baada yao, hawa wazee hawaingii. Nimeletewa Wii nyingi "zilizokufa waifai" na sijabadilisha hata msumari mmoja ndani yake.

Mkaazi wa Tudor
Shukran sana fundi. Jioni nikitoka kazini najaribu.

Dogo Likoni
PSP ni mbaya zaidi. Inajua b tu, na WPA2 haiijui kabisa, inaishia WPA ya kwanza. Swichi ya waifai nilikuwa nimeiwasha, anwani zimekaa sawa, kila nikijaribu inakataa. Mwishowe nikairudisha ruta kwenye WEP, ulinzi wa zamani zaidi. Ikashika papo hapo! Kwa hivyo Wii ikisumbua, weka WEP tu, mambo yaishe.

Bi Changamwe
Mwanangu, usimfundishe mtu hivyo. WEP ni mlango wa pazia. Kijana wangu alifanya hayo hayo kwa ajili ya mtambo wake, mwezi ule jengo zima lilikuwa ndani ya waifai yetu. Binti yangu alikuwa akisoma chuo kwa mtandao, darasa lamkatikia, atoka chumbani analia. Tulilaumu kampuni ya intaneti wiki mbili, nikawapigia simu na kuwafokea, kumbe mlango tumeuacha wazi sisi wenyewe.

Dogo Likoni
Mama samahani, lakini kwetu hakuna aliyeingia. Tunajuana ploti nzima.

Fundi wa Mwembe Tayari
Dogo, hata asiingie mtu. Ruta ya n ukiirudisha WEP au TKIP, ile ya WPA ya kwanza, inaacha kasi ya n na kushuka kama ya g, megabiti 54 kwa sekunde kwa juu kabisa, na hiyo ni ya kwenye karatasi. Watu wote wa nyumba wanapunguziwa kwa sababu ya PSP moja. Kama ni lazima, tafuta ruta kuukuu, iwekee ulinzi huo wa zamani, iwashe ukitaka kuteza, ukimaliza izime.

Dogo Likoni
Ruta ya pili naitoa wapi mimi? Si kila mtu ana kibanda kimejaa ruta.

Bi Changamwe
Uliza nyumba za watu. Kila nyumba ina ruta moja imelala kwenye droo tangu walipohama kampuni.

Mwana wa Kibokoni
Hini yangu sijawahi kuiandika popote. Bi Changamwe aliposema binti alitoka chumbani analia, imenirudia yote.

Nyumba yetu ni ya zamani, Mji wa Kale. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake ni kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ruta iko orofa ya juu kwa dada, PS2 yangu chini ukumbini. Ni ile nyembamba, ina tundu la kebo ya mtandao lakini waifai haina. Memori kadi nilitiliwa Free McBoot, programu inayoifungua PS2, na gemu nilikuwa nazo kwenye kompyuta ya juu. Kwa flashi, zile video za ndani ya gemu zilikuwa zakatikakatika kwa sababu USB ya PS2 ni ile ya 1.1, ndiyo nikataka kuzivuta gemu kwa mtandao kupitia Open PS2 Loader, programu ya kuchezea gemu bila diski zake. Nikanunua kile kisambaza mawimbi chenye tundu la kebo chini, nikakichomeka kwenye soketi ya ngazini, mahali pekee ambapo mawimbi yanateremka bila kupita ukutani. Chenyewe kinapokea waifai, kinaipa PS2 kwa kebo fupi. Mpaka hapo nilikuwa sawa.

Ulikuwa usiku wa Ramadhan, watu wametoka tarawehe. Open PS2 Loader ikanitaka anwani: ya PS2, ya ruta, ya kompyuta. Sikujua hata moja. Nikapindua ruta, nikaona imeandikwa 192.168.1.1. Nikadhani hiyo ndiyo nambari ya nyumba yetu, kila kitu cha kwetu kinaitumia. Nikaiandika kwenye nafasi ya PS2, nikahifadhi, nikaunganisha.

Babangu ni baharia. Ilikuwa imepita zaidi ya mwezi hatujamuona uso. Usiku ule meli yao ilikuwa imefunga bandari fulani, wameruhusiwa kushuka kwa muda mfupi, amepata mtandao amepiga simu ya video. Mamangu alikuwa chumbani naye. Nilikuwa nasikia kicheko chake, kile ambacho akiwa nasi hakitoi. Halafu kimya. Halafu, "Hallo? Wanisikia? Hallo?"

Akatoka na simu ameiinua juu, akazunguka ukumbi, akapanda ngazi akanipita pale pale nilipochomeka kile kidude. Dada akazima ruta akaiwasha. Ikarudi kama dakika moja, mama akapiga, uso wa baba ukaonekana nusu, ikakata tena. Dada akazima tena. Mimi nimeketi na padi mkononi, naitazama PS2 inatafuta, wala haikunipitia akilini kuwa ni mimi. Dada aliponunua bando kwenye simu yake wakapiga kwa hiyo, iliita mpaka ikaisha. Baba ameshapanda chomboni.

Mama aliketi kwenye ngazi mpaka daku. Meli iling'oa nanga alfajiri. Siku kumi na tisa hatukupata hata ujumbe.

Wiki moja baadaye, nikisoma namna ya kuweka anwani, ndipo nikafahamu: vyombo viwili vilikuwa vinadai nambari moja, simu zikiuliza "ruta iko wapi" PS2 yangu inajibu "mimi hapa." Nilichomoa kebo, nikaenda nikalala mchana ule. Mama sijamwambia. Mwaka wa tatu huu.

Shangazi Bamburi
Subhanallah. Mwanangu pole.

Dogo Likoni
Kaka nimesoma mara mbili. Pole sana.

Mtu wa Magongo
Nyinyi mnajisumbua na mitandao bure. Chukua diski ya nje ya USB, jaza gemu, chomeka, cheza. Waifai ya nini kwa PS2?

Bi Changamwe
Soma aliyoandika mwenzio kwanza.

Mtu wa Magongo
Nimesoma mama, na nimehuzunika pia. Lakini ushauri ni ushauri. Angetumia diski, simu ile isingekatika.

Fundi wa Mwembe Tayari
Amekwambia tayari kwamba USB ya PS2 ni 1.1. Hiyo hata ikijikaza ni megabaiti moja na nusu kwa sekunde, na kiendesha DVD cha PS2 kinasoma zaidi ya mara tatu ya hiyo. Gemu nyingi zinachezeka, video ndizo zinazokwama. Kebo ya mtandao inaipita mbali.

Mtu wa Magongo
Gemu zangu zote zinacheza kwa USB. Video nazipita kwa kubonyeza, sijapungukiwa kitu.

Fundi wa Mwembe Tayari
Hapo tutakesha. Kwa faida ya wengine: PS2 ipe nambari yake peke yake, tuseme 192.168.1.200, iliyo nje ya zile ambazo ruta inagawa. Nafasi ya maski (subnet mask) andika 255.255.255.0. Nafasi ya ruta ndiyo unaandika 192.168.1.1. Kompyuta nayo ifungie nambari isiyobadilika, la sivyo stima ikipotea na kurudi inapewa nyingine na gemu zinapotea kwenye orodha. Na kabla ya yote toa kebo, tazama pini za tundu. Hewa yetu ya chumvi inazifanya kijani. Spiriti na mswaki laini, uiache ikauke.

Mzee Ganjoni
Kijana wa Kibokoni, mimi sijui Wii wala PS2, mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha haya. Nimefanya kazi melini miaka ishirini na miwili. Nakuambia kama ami yako: simu ikikatika, baharia hamlaumu mtu wa nyumbani. Tunasema mtandao umekwenda, na lile tabasamu la mwisho tuliloliona tunapanda nalo. Mamako ndiye ambaye hajui kwa nini ilikatika, huenda mpaka leo anadhani kulitokea kitu huko melini. Mwambie.

Mwana wa Kibokoni
Ami, hilo la mwisho sikuwahi kulifikiria. Ahsante.

Shangazi Bamburi
Na mimi nina la PS3, fupi. Mume wangu aliipata iliyokwisha kufunguliwa. Waifai inayo ndani, ilishika mara ya kwanza, tukashangilia. Kesho yake mtoto akaona maandishi ya kusasisha programu, akakubali. Ilipowaka tena kila kitu tulichowekewa kilikuwa kimefutika, na fundi aliyeifungua ameshahama. Ushauri wangu ni mmoja, msiunganishe. Kama mtambo umefunguliwa, uacheni nje ya mtandao.

Dogo Likoni
Shangazi, waifai haina kosa hapo. Zima kusasisha, na usiingie akaunti ya Sony, basi. Wii nayo vile vile, sasisho la Nintendo lilikuwa likifuta Homebrew Channel. Xbox 360 iliyofunguliwa ndiyo usiingize kabisa kwenye mtandao wa Microsoft, inafungiwa.

Shangazi Bamburi
Mtoto wa miaka sita utamwambia azime kusasisha? Msiunganishe.

Mama wa Kisauni
Nauliza. Mwanangu ana PS2 kama ya huyo kijana wa Kibokoni, kaweka nambari sawasawa, lakini kompyuta yetu mpya inakataa. Inaonekana haimsikii.

Fundi wa Mwembe Tayari
Dada, ni SMB toleo la kwanza, ile njia ya kompyuta kugawa faili kwenye mtandao. PS2 inategemea hilo, na Windows 10 tangu mwaka 2017 huja ikiwa haijawekwa. Inaweza kurudishwa kwenye vipengele vya Windows, lakini kwenye kompyuta ya kazi yako usiirudishe. Kile kirusi cha WannaCry cha mwaka huo huo kilipenya kwa tundu hilo hilo. Tafuta laptopu kuukuu iwe ya gemu peke yake. Au tazama kama ruta yako ina tundu la USB linaloweza kugawa faili, baadhi zinazungumza toleo hilo, na kompyuta hutaihitaji tena.

Mtu wa Magongo
Au diski ya USB.

Mama wa Kisauni
Tutaanza na diski, kisha tutafute laptopu. Nawashukuru wote wawili.

Mkaazi wa Tudor
Nimerudi na habari. Ruta yetu ilikuwa chaneli 13! Sikutaka kugusa waifai ya nyumba nzima, nikawasha ile ya wageni, 2.4 peke yake, WPA2, jina lake "Wii". Chaneli nikaweka 6, hiyo ndiyo iliyobadilika kwa wote. Ikaonekana, ikashika. Seva za Nintendo zilifungwa Mei 2014, kwa hivyo tumeingia Mario Kart kupitia Wiimmfi, ile iliyojengwa na wapenzi wenyewe. Mpwa wangu ameteza na watu asiowajua na amekuwa wa kumi mara nne mfululizo. Sasa hivi yuko wa saba, hataki chakula.

Dogo Likoni
Wa saba si mbaya kwa siku ya kwanza.

Mzee Ganjoni
Kibokoni, umenyamaza. Baba alirudi salama?

Mwana wa Kibokoni
Alirudi ami, alhamdulillahi, na amekwenda tena safari mbili tangu hapo. Leo baada ya alasiri nimemwambia mama. Aliniuliza mara tatu nambari ile ilikuwa ya nini. Kisha akachukua simu akamtumia baba sauti, akamwambia, "Ilikuwa PlayStation ya mtoto." Hajajibu, wako majini bado. Mama amekwenda sokoni, ameniambia nitoe kile kidude ngazini na nipitishe kebo moja kwa moja kutoka juu, atanilipia.

Mtu wa Magongo
Mita ngapi?

Mwana wa Kibokoni
Kama kumi na tano, kupitia dirisha la uani. Ile kebo bapa inastahimili jua na mvua, au ninunue ya mviringo?