MREJESHO: Adapta ya 12V iliyokuwa inawaka na kuzima

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kuhusu adapta ya king'amuzi: taa inawaka, inazima, inawaka tena, na mita inaruka hadi volti 16 kisha inarudi sifuri. Imepona.

Mkuu mmoja alisema niache kubadilisha kapasita (nilishabadilisha tatu, hasara tupu), niangalie kale kadude ka miguu minne, PC817. Alipatia. Ndani yake mna LED (kitaa kidogo) na transista inayoona mwanga, bila waya wowote kati yao. Nguvu inavuka kutoka upande wa umeme mkubwa (wa ukutani) kwenda upande wa 12V kwa transfoma. Taarifa ya "12 zimetimia, punguza" inarudi kwa mwanga. LED ikichoka, upande wa umeme mkubwa hausikii kitu, unazidi kusukuma mpaka kinga inakata, halafu unaanza upya.

Niliking'oa nikakipima mezani: volti 5 kupitia rizista ya kilo-omu 1 kwenye miguu ya 1 na 2, mita ya omu kwenye 3 na 4. Kwa kipya, omu zilishuka papo hapo. Cha zamani mita haikusogea kabisa. Sasa napata 12.1, imetulia tangu juzi.

Zile namba za ajabu nilizowaletea wiki iliyopita nilipopima upande wa umeme mkubwa zilikuwa uzembe wangu: waya mweusi wa mita niliuweka upande wa 12V. Nilipouhamishia hasi ya kapasita kubwa ya upande wa umeme mkubwa, nikasoma volti 325 kama inavyotakiwa.

Na yule aliyeshauri niunganishe upande wa umeme mkubwa na wa 12V kwa waya "kujaribu tu": hapana ndugu yangu, umeme mkubwa ungefika kwenye king'amuzi, na hicho watoto wanakishika.